Pikipiki mpya, kilima kimoja, na lawama zilizoangukia tairi

Kisa chenyewe kwa kifupi ni hiki. Jamaa yangu kanunua pikipiki mpya ya duali spoti, hizi zenye taa na namba za kutembea lami kihalali ila zimenyanyuka juu kama za porini, miaka mingi amekula lami tu na vumbi analiona kwa mbali, mita inasoma kilomita mia tatu na ushee, tukaitoa porini mara yake ya kwanza tukiwa watu watatu. Changarawe ikapita freshi, mchanga ukamtoa jasho, halafu tukafika kwenye kilima kimoja cha mawe chenye mfereji katikati, hapo akaanguka, akainuka, akaanguka tena hatua chache tu juu ya pale pale, leva ya klachi ikakatika, na pikipiki ikagoma kuwaka mpaka selfu ikaanza kuzunguka kichovu. Tulivyorudi watu walishahukumu: tairi. Tairi za kiwandani hazifai, nunua za meno makubwa, basi.

Mi sikubali. Tairi zilichangia kidogo, sawa, ila hazikuwa chanzo. Nilikuwa nyuma yake muda wote, niliona mguu ulikokwenda na gia niliisikia kwa mlio wa injini, ndo maana nataka nikichambue kisa hiki pole pole, maana mtu akikosea chanzo atatoa hela kwenye tairi halafu kilima kitamlaza vile vile.

Tuanze na mashine. Jina la kampuni naliacha kwa sababu hakuna kilichotokea siku ile ambacho kisingetokea kwenye pikipiki nyingi za daraja hili. Na daraja lenyewe linafanana sana: Honda CRF300L ina kilo 142 ikiwa na mafuta, Kawasaki KLX300 kama 137, Suzuki DR-Z400S kama 144. Linganisha na pikipiki za enduro, yaani za mashindano ya porini, za siisii 250 au 350 ambazo zinacheza kwenye kilo mia na kidogo. Hizo kilo thelathini na kitu kwenye lami huzisikii kabisa, unazisikia ikishalala kwenye mteremko na wewe ndo wa kuiinua. Af siti zipo juu, ile Honda sentimita 88, DR-Z inapita 93, kwa hiyo mtu wa urefu wa kawaida anagusa chini kwa vidole, na akitaka kukanyaga vizuri lazima ahamishe makalio upande mmoja. Hilo la siti liweke akilini, litarudi.

Biashara ya pikipiki moja kufanya kazi mbili si ya jana, Yamaha walitoa DT-1 yao ya siisii 250 mwaka 1968 na tangu hapo kila kampuni imekuwa ikitafuta pa kusimama kati ya lami na porini. Ila mnunuzi anachosahau ni kwamba ikitoka dukani imeshawekwa upande mmoja, na upande wenyewe ni wa lami. Upepo wa tairi ni wa lami, leva zimefungwa kwa ajili ya mtu aliyekaa, sprini ya nyuma imewekwa kwa mtu mwepesi, ABS, ule mfumo wa breki unaozuia gurudumu lisikabe likateleza, imewashwa mbele na nyuma. Si ubovu huo. Ni kwamba kazi ya kuigeuza ielekee porini wamekuachia wewe, na jamaa yetu hiyo kazi hakuijua.

Nimtendee haki, alijiandaa. Buti ndefu ngumu, helmeti nzuri, kinga za magoti na viwiko, cheni kaipaka mafuta, tenki kajaza. Kwa mavazi sina neno, na ndo maana kwenye hadithi yote hii hakuna mtu aliyeumia. ABS ya nyuma pia aliizima kwa kitufe kabla ya kuingia vumbini, kuna mtu alimwelekeza. Ambacho hakugusa ni upepo, leva, na sprini.

Upepo tuliugundua kwenye mchanga. Gurudumu la mbele lilikuwa linahama kushoto kulia kama halina mwenyewe, na yeye kila likihama anafunga resi na kukaa, kitu ambacho mchangani ndo kinaua kabisa, maana ukifunga resi uzito wote unakimbilia mbele na tairi la mbele linachimba. Nikamwambia simama tupime. Geji ikasoma psi 32, mbele na nyuma. Kitabu chake kinasema 22! Hiki kitu kinatokea sana kwa pikipiki mpya, zinajazwa upepo mwingi ili zikae vizuri kwenye usafiri na stoo, halafu kabla ya kumkabidhi mteja mtu anatakiwa apunguze, asipopunguza ndo hivyo. Kwa 32 lile tairi ni jiwe, linagusa chini kwa kamstari tu. Tukashusha mpaka 22, mi nikataka tushuke mpaka 16 akakataa, anasema nikipunguza sana nitapata pancha. Hofu yake ina ukweli nusu. Hizi zina tyubu ndani na hazina kile kifungio cha kubana tairi kwenye rimu, ukishuka chini ya 12 ukagonga jiwe tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu inatoboka matundu mawili yanayotazamana, au tairi linazunguka kwenye rimu linakata valvu. Ila kati ya 15 na 18 kwa mwendo wa porini ni salama kabisa kwa uzito ule. Sikubishana, pikipiki yake. Kwa hiyo kilimani tulifika na 22, na hapo ndo naanza kuiondoa tairi kwenye lawama, maana 22 si nzuri lakini watu wanapanda vilima vya namna ile na 22 kila siku.

Sasa kilima. Sio kirefu, ukisimama chini unaona juu. Chini kuna mawe madogo yanayotembea, katikati maji ya mvua yamechimba mfereji wa kina cha goti hivi, na njia inayopitika ni upande wa kulia wa mfereji, upana wake unatosha mtu na pikipiki yake bila kusumbuana. Katikati ya hiyo njia kuna jiwe limekaa kama ngazi. Aliyetangulia, mzee mmoja ambaye amezeekea kwenye pikipiki za kiki, alipanda kwa gia ya pili amesimama kwenye futresti, resi haipandi wala haishuki, hata hakukiona kile kilima.

Jamaa akaingia na gia ya tatu.

Hapa ndo penyewe, na nilimuuliza baadaye kwa nini ya tatu, jibu lake ndo lililonifanya niandike haya yote. Alikuwa anaogopa kuiua injini mpya. Ameshaambiwa na kila mtu kwamba pikipiki mpya usiipigie resi, isubiri ikomae, na kitabu kweli kinasema kilomita 500 za kwanza epuka kuondoka kwa resi yote na kuongeza mwendo ghafla. Yeye akatafsiri kuwa injini isisikike. Kwa hiyo kila mahali tangu asubuhi alikuwa gia moja juu ya inayotakiwa ili mlio uwe mdogo. Tatizo ni kwamba injini ya silinda moja ya siisii 300 ukiibebesha mzigo kwenye mizunguko ya chini inateseka kuliko ukiiacha izunguke katikati na mzigo mwepesi, unasikia inagonga gonga, cheni inaruka, ule ndo unyanyasaji wenyewe, na injini mpya haitakiwi kunyanyaswa hivyo hata kidogo. Kukomaza injini maana yake ni kubadilisha badilisha mizunguko bila kwenda mwisho. Gia ya pili, resi robo au theluthi, ilikuwa ndani ya sheria zote za kitabu.

Basi kwa ya tatu injini ikaanza kugugumia robo ya kilima. Alivyosikia inagugumia akafanya mambo matatu kwa pamoja: akakaa, akabana klachi ashushe gia, akaangalia chini kwenye gurudumu la mbele. Kubana klachi kwenye mpando ni kukata kamba, kasi yote inaondoka hapo hapo. Alivyoachia ikiwa ya pili gurudumu la nyuma likawa limefika kwenye lile jiwe la ngazi bila kasi, likazunguka bure mara mbili tatu, likashika ghafla, injini ikazima. Pikipiki ikaegemea ukingo wa kulia. Huko kuegemea sikuhesabu kama kuanguka sana maana haikulala, ilikaa kwenye udongo kwa pembe, tukaisimamisha, akabonyeza selfu ikawaka palepale. Kumbuka hili la kuwaka palepale kwa sababu lilitupoteza baadaye.

Hapo jambo la busara lilikuwa kuishusha chini aanze upya. Kuna namna yake nzuri na haihitaji nguvu: injini imezimwa, gia ya kwanza imo ndani, unaiachia irudi nyuma kidogo kidogo ukitumia klachi kama breki ya nyuma, ukiachia klachi gurudumu la nyuma linakaba, ukibana linatembea, na miguu yote miwili inabaki chini. Yeye akataka kuondokea pale pale katikati ya mpando. Akapanda, akapiga resi, gurudumu likachimba, pikipiki ikasogea hatua chache ikazima tena na safari hii ikaanza kurudi nyuma yenyewe.

Akavuta breki ya mbele. Kwenye lami miaka yote breki ya mbele ndo breki, mkono umeshazoea. Lakini kwenye mpando uzito wote uko nyuma, gurudumu la mbele limebaki linagusa tu mawe madogo, ukilikaba linateleza kurudi nyuma likiwa limekabwa na usukani unajipinda. Usukani ukajipinda kushoto, akatoa mguu wa kushoto atafute ardhi, na kushoto ndo kwenye mfereji. Mguu ulishuka, ukashuka, nikaona uso wake ukijua kabla ya mguu. Siti sentimita 88 na ushee juu ya njia, na njia yenyewe iko goti moja juu ya chini ya mfereji, hakuna mguu wa binadamu unaofika huko. Wote wawili wakaingia mfereji. Yeye akabiringika salama, pikipiki ikalala kushoto kabisa, hata zaidi ya kulala maana usukani ulikuwa chini kuliko magurudumu, na leva ya klachi ikakatika kwenye jiwe.

Ukiipanga hivyo utaona tairi lilipoingia: lilizunguka kwenye jiwe moja. Kabla yake kuna gia, kuna kubana klachi, kuna kukaa, baada yake kuna kulazimisha kuondokea katikati, kuna breki ya mbele, kuna mguu upande wa bondeni. Tairi la meno lingeweza kumvusha jiwe lile kwa bahati, sikatai, na angefika juu akiwa bado anapanda vilima kwa gia ya tatu.

Tukaitoa mfereji watatu, kazi ilikuwa ya maana. Akabonyeza selfu. Inazunguka vizuri, haishiki moto. Tena. Tena. Harufu ya petroli ipo maana ilichuruzika kidogo kwenye kipumulio cha mfuniko wa tenki wakati imelala kichwa chini. Mzee akanusa akasema imemeza mafuta hiyo, fungua resi yote upige selfu ndefu. Kwa pikipiki za kabureta huo ushauri ni dhahabu, zikilala bakuli la mafuta linamwagikia ndani na lazima uikaushe, na mzee amewasha pikipiki nyingi namna hiyo. Jamaa akafungua resi yote akapiga selfu. Hakuna. Nikaangalia swichi nyekundu ya mkono wa kulia isije ikawa imegongwa ikazima, ipo sawa. Stendi ya pembeni ipo juu. Gia, nyutro. Mzee anasema endelea tu inakaribia. Taa ya mbele inawaka muda wote huo, hizi za siku hizi hazina swichi ya kuizima, ukiacha ufunguo umewaka huku mnajadiliana betri inaliwa pole pole, na betri zenyewe ni vitoto vya Ah 7 hivi. Selfu ikaanza kuchoka.

Kilichokuwa kimetokea ni hiki. Pikipiki hizi za kuchoma mafuta kwa kompyuta zina sensa ya kulala. Ikiinama kupita kiasi fulani na kukaa hapo kidogo sensa inaamini umeanguka, inakata moto na pampu ya mafuta ili injini isiendelee kuzunguka na petroli isimwagike. Sasa kwenye modeli nyingi ukiisimamisha haijirudishi yenyewe, lazima uzime ufunguo kabisa halafu uwashe upya ndo kompyuta inasahau. Ukiacha ufunguo ukiwa umewaka unaweza kupiga selfu mpaka kesho, itazunguka na haitapewa chochote cha kuchoma. Imeandikwa kwenye kitabu, mstari mmoja au miwili, ukurasa ambao hakuna mtu anausoma siku ya kununua. Na ndo nikasema lile la mwanzo kuwaka palepale lilitupoteza: mara ya kwanza iliegemea ukingo tu, haikufika pembe ya sensa, kwa hiyo tukawa tunasema si ilianguka ikawaka, kwa nini sasa igome.

“Mzee samahani, hebu tujaribu kuzima ufunguo kwanza,” nikamwambia. Mzee akanyanyua mabega. “Haya, zima, ila hiyo imemeza mafuta.” Tukazima. Tukaiacha dakika kadhaa betri ipumue, betri iliyochoka ukiipa nafasi inakusanya nguvu kidogo. Tulivyowasha ufunguo ikasikika ile ziiii ya pampu inayojaza mafuta, mlio ambao tangu ianguke hakuna aliyeusikia na hakuna aliyegundua kuwa haupo. Selfu haikuwa na nguvu ya kutosha, tukaigeuza ielekee chini, gia ya pili, ikashuka kidogo, akaachia klachi kwa ule mzizi uliobaki, ikashtuka ikawaka. Gia ya pili na sio ya kwanza, kwa sababu kwenye mawe, gia ya kwanza inakaba gurudumu na utateleza tu. Na ingekuwa betri imekufa kabisa hata kuishtua kusingesaidia sana, pampu inahitaji umeme, sio kama zile za mzee zenye kiki ambazo zinawaka bila betri. Kwa hiyo zile selfu ndefu zilikuwa karibu zitulaze porini.

Leva nayo tuiseme. Ilikatika kwa sababu ilikuwa imekazwa vizuri mno. Kutoka dukani kile kishikio cha leva kimekazwa usukani hakigeuki, ukianguka leva inapokea pigo lote. Watu wa porini wanalegeza boliti zake mpaka leva ikae imara kwa matumizi lakini ukiisukuma kwa nguvu ya kiganja inazunguka kwenye usukani, wengine wanazungushia utepe wa fundi bomba chini yake izunguke laini. Ikianguka inageuka, unairudisha kwa mkono, unaendelea. Kazi ya dakika mbili na spana moja. Na ukiwa unazilegeza unazishusha pia kidogo, kwa sababu leva zilizowekwa kwa mtu aliyekaa ukisimama zinakuvunja kiwiko, na naamini kabisa hiyo ni sababu mojawapo jamaa alikuwa anakaa kila mambo yakiwa magumu: kusimama kulikuwa kunamuumiza mikono. Leva ya akiba hakuwa nayo. Kwa bahati ilibaki ya kutosha vidole viwili.

Kushuka kile kilima kukaleta la ziada. Alivyokanyaga breki ya nyuma ikaanza kumpiga mguu, tiki tiki tiki, pikipiki haisimami, akapiga kelele breki zimekufa. Hazikufa. Kwenye pikipiki hiyo ukizima ufunguo ABS ya nyuma inajirudisha yenyewe, na sisi ndo tumetoka kuuzima kwa ajili ya sensa. Kwa hiyo dawa ya tatizo moja ilileta la pili na hakuna aliyeunganisha mpaka tumefika chini. Ulaya ABS ni lazima kwa pikipiki za lami zinazozidi siisii 125, tangu 2016 kwa modeli mpya na 2017 kwa zote, na kampuni zinataka kila ukiwasha upya uanze ukiwa salama kwa lami, naelewa. Ila porini mazoea yanakuwa hivi: umewasha ufunguo, umebonyeza kitufe cha ABS, ndo unawasha injini.

Kijito cha kurudia tulivuka bila hadithi, maji ya chini ya vifundo, alisimama, gia ya pili, macho ng'ambo. Kwenye tope la ukingo wa pili tu ndo nilisema sasa hapa tairi ina kesi, meno yale mafupi yalijaa tope yakawa kama donati na akapanda ukingo kwa kusukumwa.

Nyumbani ndo tukapata kipande kilichokuwa kinakosekana. Tulipima inavyobonyea nyuma. Gurudumu la nyuma lina mwendo wa milimita 260 hivi, kanuni ya watu wengi ni kwamba ukikaa na mavazi yako yote ibonyee karibu theluthi, yaani kwenye 85 mpaka 90. Yeye ilikuwa inabonyea 110. Ni mtu wa mwili, na mabuti na begi la maji la mgongoni ndo kabisa, sprini imewekwa kwa mtu mwepesi kuliko yeye. Matokeo yake nyuma imekaa chini mbele imenyanyuka, na kwenye mpando ndo inazidi, gurudumu la mbele halina uzito, haliongozi likipanda na haliwezi kukaba likirudi nyuma. Nusu ya ule mchezo wa breki ya mbele ulianzia hapo. Na mchangani pia, usiseme ni upepo peke yake.

Tukakaza pete ya sprini mpaka 95 hivi, hatukwenda zaidi kwa sababu siti nayo inapanda na mguu ulishakuwa wa vidole, akawa analalamika kwenye taa za barabarani. Hapo hakuna jibu safi. Sprini ngumu zaidi ingekuwa bora kuliko kuibana iliyopo, akipata hela aanzie huko kabla ya tairi, na hilo nililisema mbele ya wote na wote wakanicheka.

Mengine haraka. Spoki za nyuma kadhaa zilikuwa zinalia mlio mzito ukizigonga na spana, zimelegea, kwa magurudumu mapya ni kawaida zinakaa kwenye nafasi zake baada ya kipigo cha kwanza, zikazwe kidogo kidogo na sio moja moja mpaka mwisho. Boliti moja ya sahani ya namba ilishaondoka. Filta ya hewa ilikuwa na vumbi kuliko nilivyotegemea. Cheni imelegea lakini ndani ya kipimo.

Siku nyingine tukarudi kwenye kilima kile kile. Tairi ni zile zile, upepo 16, leva zimeshushwa na kulegezwa, begi lina leva ya akiba na geji. Akaingia na gia ya pili amesimama, jiwe la ngazi likamrusha makalio, resi ikatetemeka lakini haikufunga, akafika juu vibaya vibaya, usukani unaenda huku na mwili kule. Ila akafika. Mzee akasema ni kwa sababu mvua imeshashindilia yale mawe. Inawezekana kidogo, mawe ya chini kweli yalikuwa yametulia.

Sasa hivi anabishana na mimi kuhusu sproketi ya mbele, anataka kutoka meno 14 kwenda 13 ili gia ya kwanza na ya pili ziwe na nguvu zaidi chini. Jino moja mbele ni kama meno matatu nyuma kwa zile zenye 40, sio mabadiliko madogo, na ni kweli gia ya kwanza ya hizi pikipiki ni ndefu kwa vilima vya pole pole. Lakini mtu aliyekuwa anapanda kwa ya tatu juzi juzi hajaijua bado ya kwanza ya kiwandani ikoje. Nimemwambia asubiri amwage oili ya kilomita 1,000 kwanza, sproketi ameshainunua na iko kwenye begi pamoja na leva.